Msichana wa Magoti

Aber mwanangu,

Barua za watu huanza na salamu na kuulizana hali. Hali yako ninaijua, nimetoka kwako jioni hii. Nimekuacha umekaa kwenye mkeka wa Bi Mwanaisha, mguu juu ya mto, unajifanya unasoma gazeti la zamani. Sasa nimerudi chumbani kwetu hapa laini, kwenye nyumba za polisi. Nikifungua dirisha naona kilima cha Kibuli na taa za msikiti, na wewe uko hapo chini yake, karibu kabisa, lakini siwezi kuja tena. Sajini kama mimi akionekana anakwenda na kurudi nyumba moja ataulizwa ana nini huko. Kwa hiyo naandika.

Barua hii utaipata mkishavuka mpaka, si kabla. Bi Mwanaisha ameapa. Nilimwuliza kama ataificha vizuri, akanikata jicho. "Sajini, wazee wangu walileta vitambaa huku kutoka pwani kabla ya hizo sare zenu. Mimi nimevuka Busia na mimba, nimevuka na homa, nimevuka na dhahabu ya harusi ya dada yangu kwenye sidiria. Kikaratasi chako ndicho kitanishinda?" Mama yule si wa kubishana naye. Mambo ya safari ameshakufundisha yeye: buibui, jina la Zuhura, kwamba wewe ni mtoto wa dada yake na uliteleza bafuni. Hayo siyarudii.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ulichokulia hapa kambini, ndicho unachonigombeza nacho. Kiacholi chako hata mama yako hukicheka.

Nikwambie kweli, nilidhani leo nitalia. Sikulia. Nimepiga pasi sare ya kesho, nimekunywa chai, nimeosha kikombe. Nimekufa ganzi, Aber, na si leo tu. Ilianza siku walipomchukua mpiga ngoma kubwa wetu, yule uliyemwita mjomba, aliyekuwa akikubeba juu ya ngoma yake ukiwa mdogo. Walikuja watu wenye miwani myeusi wakati wa mazoezi, wakamwita kwa upole kabisa, akaiweka ngoma chini, akaenda nao. Bendimasta akatuambia tusogee tuzibe nafasi. Tukasogea. Tukapiga wimbo ule ule kutoka pale ulipokatika. Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwa wa kwanza katika wasiouliza. Jioni nilirudi nyumbani nikala chakula chote, na mama yako akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Mwezi ule ndipo nilipompeleka yeye na wadogo zako kijijini Kitgum. Wewe ulibaki kwa sababu ya ngoma.

Hiyo ngoma, nani alikutuma? Mimi nilitaka uwe muuguzi. Lakini ulikuwa ukitoka shule unashuka hadi Katwe, kwa Nalongo, yule mama wa mapacha aliyefundisha watoto ngoma za Kiganda kwenye ua wake, katikati ya makelele ya mafundi wa mabati. Nilikufuata siku moja nikiwa na fimbo. Nikakuta umefungwa shuka kiunoni, umekunja magoti kidogo, nyayo hazitoki ardhini, kiuno kinakwenda chenyewe, na uso umetulia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nalongo akaniona na fimbo yangu. "Afande," akasema, "huyu mutoto kiuno yake ilizaliwa Buganda, ikapotea njia ikaenda kwenu. Wewe nataka kupiga nani?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaiacha fimbo pale pale. Nadhani Nalongo aliitia jikoni.

Kikundi cha ngoma cha serikali kilipokuchukua nilivimba kichwa. Sikwambii uongo. Nilizunguka laini nzima nikijifanya natafuta kiberiti, ili kila mtu aniulize habari zako. Hata jirani yetu koplo, ambaye hajanisalimia vizuri tangu tugombanie kamba ya kuanikia nguo, nilimwambia. Nikasema sasa tutakwenda pamoja, baba katika bendi, binti katika ngoma, mgeni akishuka kwenye ndege Entebbe atupate sote wawili. Nilifikiri hiyo ni bahati.

Sasa nifike kwenye goti.

Siku lilipoharibika sikuwepo, Nalongo, ambaye naye walikuwa wamemwita awafundishe, ndiye aliyenihadithia. Mlikuwa mnafanya mazoezi kwenye sakafu ya saruji. Yule kapteni wa jeshi anayewasimamia ninyi wa ngoma akaja, akasimama mlangoni na kifimbo chake. "Hii ngoma gani? Hii iko ngoma ya wazee! Piga mbio!" Wapigaji wakaongeza mwendo, wakaongeza tena. Ukageuka, unyayo ukabaki, mwili ukaenda. Nalongo anasema alilisikia likilia kutoka upande wa pili wa chumba, na kwamba wewe hukulia kabisa. Akakuleta nyumbani umeegemea bega lake. Goti lilikuwa limejaa kama papai.

"Apumzike," akaniambia. "Mwezi, miezi. Hiyo si ya kuchezea, Afande."

Nikamwambia Jumapili kuna mgeni.

Aliniangalia, akasema, "Bambi." Neno hilo moja tu, kwa ile sauti ambayo Waganda huitumia kumwonea mtu huruma. Nilidhani anakuonea huruma wewe.

Unajua nilichofanya, ulikuwepo. Nilichukua kile kitambaa kirefu cha sufu tunachofungia miguu siku za gwaride, nikalizungushia goti lako kuanzia chini kwenda juu, nikakaza. Nikakwambia bendi haina mgonjwa. Nikakufundisha ujanja wetu wa kusimama juani muda mrefu: usilinyooshe goti hadi mwisho, liache limelegea kidogo, hutaanguka. Nilikuwa nakufundisha kama unavyomfundisha kuruta. Wewe ulikuwa unaitikia, "Ndiyo, baba."

Nataka uelewe nilikuwa nafikiri nini, si ili unisamehe. Sisi polisi tumelelewa hivyo: anayeonekana mstarini yuko salama. Asiyeonekana anaulizwa. Na siku hizi mtu akiulizwa anatafutwa, na akitafutwa hatumwoni tena. Basi mimi nilidhani njia ya kukuficha ni kukuweka mstarini pamoja na wenzako, mbele ya kila mtu, na sketi imeshuka hadi chini ya goti. Raia wa kawaida angemficha mtoto wake mgonjwa chini ya blanketi. Mimi nilimpeleka uwanja wa ndege.

Ulicheza. Mungu wangu, ulicheza. Kama nisingejua kilichokuwa chini ya ile sketi, nisingetambua kitu. Halafu ikaja ile sehemu ya mwisho, wasichana wote kupiga magoti kumsalimia mgeni, na wewe, kwa kuwa ulikuwa mdogo wao, kumpa maua. Ukampa. Wenzako wakainuka. Wewe hukuinuka.

Mimi nilikuwa nimekabiliana nawe, tarumbeta mdomoni. Niliona mkono wako umeshika ardhi. Niliona unajaribu, na goti limekataa, limeng'ang'ania pale pale lilipokunjwa. Niliona shingo yako imelowa jasho. Mgeni alisimama na maua yake hajui aende au abaki. Na Mkubwa mwenyewe, rais wetu, na medali zake, akageuka kutazama. Uwanja wote ukanyamaza, isipokuwa sisi wa bendi. Sisi tuliendelea kupiga, na mimi niliendelea kupiga. Hata noti moja sikukosea, Aber. Nimejaribu kukumbuka kama nilikosea hata moja na sikukosea.

Kisha Mkubwa akacheka kile kicheko chake. Akamwambia mgeni, kwa sauti ya kusikika hadi kwetu, kwamba hivi ndivyo wasichana wetu walivyo na heshima, huyu hatainuka mpaka mgeni wake apite. Watu wakapiga makofi. Mgeni akainama kidogo mbele yako, akapita. Walipoingia ndani wenzako wakakubeba nyuma ya ngoma.

Kwenye lori ukaniambia polepole, "Baba, halikukunjuka."

Nikakwambia, "Nyamaza. Umefanya vizuri."

Nimesema maneno mengi ya kijinga katika maisha yangu, mengine kwa mama yako, mengine kwa wakubwa wangu. Hilo ndilo ninalolichukia. Kama ningeweza kuchomoa neno moja likarudi kooni kwangu ningechomoa hilo.

Mengine unayajua kuliko mimi. Kapteni alikuja kesho yake amefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo, na nadhani alikuwa amepandishwa. "Wewe, musichana! Kila mugeni nafanya vile vile. Wengine nasimama, wewe nabaki chini. Mukubwa napenda." Basi goti bovu likawa ndiyo kazi yako. Wakaacha kukuita kwa jina, wakakuita msichana wa magoti. Kila mgeni, kila sikukuu, kwenye lami, kwenye nyasi, kwenye zulia. Safari nyingine lilikunjuka lenyewe ukalazimika kujifanya limekataa. Safari nyingine lilikataa kweli na ukabebwa. Mimi nikawa nasimama pale pale, napiga wimbo ule ule, nikikuangalia unashuka.

Mara moja nilikwenda ofisini kwa kapteni kumwambia kwamba wewe ni mgonjwa. Nilisimama mlangoni. Akainua kichwa. "Nini, Sajini?" Nikasema, "Afande, nimekuja kuuliza saa ya gwaride." Akaniambia saa ya gwaride. Nikapiga saluti nikatoka. Hilo ulikuwa hulijui.

Halafu kuna ile siku ya hospitali. Hiyo ndiyo ninayotaka uikumbuke zaidi huko unakokwenda. Kapteni alikupa askari wa kukusindikiza, si kwa wema, ni ili usitoroke, na askari huyo akakaa kwenye kiti pembeni ya chumba, bunduki mapajani, anakula karanga. Daktari yule kijana akalishika goti lako, akalibonyeza kwa ndani. Akakuuliza, "Inauma?" Niliona midomo yako imekuwa myeupe. Ukaniangalia mimi kwanza. Halafu ukasema, "Haiumi." Akabonyeza pengine. "Hapa?" "Haiumi." Hadi akaacha kuuliza. Akakupa vidonge vya kichwa.

Ulijifunza hilo kwangu. Mimi ndiye niliyekulea ukaamini kwamba swali lolote la mtu yeyote ni mtego, hata la daktari.

Nje kwenye ukumbi daktari yule alinipita, akadondosha kalamu makusudi, akaniambia akiwa ameinama kuiokota. Akasema kuna kitu kimechanika ndani ya goti, kinaingia katikati kama kokoto kwenye bawaba ya mlango, ndiyo maana linakwama. Lazima lifunguliwe lisafishwe. Aliyekuwa akifungua magoti hapa alikuwa Mhindi mmoja, akaondoka na wenzake walipofukuzwa wote. Nyumba yake sasa anakaa meja. "Mpeleke Nairobi," akasema, "na mimi sikukwambia kitu."

Kwa hiyo huko Nairobi, mwanangu, daktari akikubonyeza na akakuuliza inauma wapi, sema. Piga kelele kama inafaa kupiga kelele. Hakutakuwa na mtu anayekula karanga pembeni. Najua kusema itakuwa ngumu kuliko kuvumilia, maana kuvumilia umeshakuzoea. Na mtu yeyote akikwambia vumilia, hata kama anakupenda, mwangalie kwanza yeye anaogopa nini. Mimi nilikuwa naogopa. Kila siku. Naogopa hata sasa, ila ni woga uliochakaa, hauniruhusu hata kutetemeka.

Uliniuliza juzi, ukiwa umegeukia ukutani, "Baba, nisipocheza nitakuwa nani?" Nikajifanya nimesikia mtu ananiita nje. Ninachoweza kukupa ni habari ya meno yangu.

Haya meno ya bandia uliyokuwa ukiyaficha kwenye sufuria ya uji ili nichelewe kazini, hujawahi kuniuliza yalikujaje. Nilipokuwa konstebo kijana nilipiga tarumbeta dogo, lile la mbele, linaloimba. Nilikuwa mzuri, Aber. Bendimasta wa wakati huo, mzungu mmoja mwenye masharubu, alisema atanipeleka Ulaya nikasome. Siku moja tukacheza mpira na jeshi, kiwiko cha mtu kikanipata mdomoni, meno ya mbele yakabaki uwanjani. Tarumbeta lile halipigwi na mdomo uliovunjika. Nilipewa ufagio. Nikawa nafagia chumba cha vyombo, na nasikia mwenzangu upande wa pili wa ukuta anapiga sehemu yangu, tena vibaya. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na hakuwa amenikosea kitu. Baadaye walinipa hili kubwa la kukumbatia, la sauti nzito, ambalo hakuna mtu anayekuja kwenye gwaride kulisikiliza. Hilo ndilo ninalolipiga hadi leo.

Sikuwahi kuwa tena yule wa kwanza. Hakuna kilichokuja kujaza ile nafasi, na watu wanaokwambia kitakuja wanakudanganya. Lakini nilikula. Nililala. Nilimchumbia mama yako nikiwa na pengo mdomoni, akanicheka hadi akakaa chini, halafu akakubali. Wewe ukazaliwa. Sijui kama hilo linakusaidia. Mimi nalisema kwa kuwa ndilo lililotokea. Ukipona ukacheza, cheza, hata jikoni kwa watu. Usipocheza tena, hujamkosea mtu, sembuse mimi.

Kuhusu kupiga magoti: mama yako alikufundisha kumpigia magoti mgeni unapompa maji anawe, na lilikuwa jambo jema nyumbani kwetu. Wameliharibu. Mama zake Bi Mwanaisha, mtakaofikia kwao, watakuelewa ukiwapa salamu umesimama. Nimeshamwambia awaambie.

Sasa lile swali lako la leo. Ulikuwa umekunywa nusu ya chai, ukaweka kikombe chini, ukauliza, "Jumamosi watakapokutafuta wewe kwa ajili yangu, utasema nini?" Nami nikakwambia, "Kunywa chai." Bi Mwanaisha akageuka akaangalia mlango. Nilijua nikikujibu pale hutapanda basi. Ndiyo maana jibu linakuja sasa, mkiwa ng'ambo.

Unajua nilimwomba kapteni ruhusa nikupeleke Kitgum ukamwone mama yako mgonjwa. Akakubali, akaninyooshea kifimbo kifuani. "Sawa. Lakini Jumamosi mimi nataka yeye hapa. Iko mugeni mukubwa. Mukubwa mwenyewe nauliza, musichana ya magoti iko? Mimi nasema nini? Yeye hapana kuja, wewe nakuja." Nilikuacha Kibuli, nikapanda gari kwenda kaskazini peke yangu, ili wale wa kwenye vizuizi wanione nikienda.

Nilimkuta mama yako anapepeta ufuta. Nikamweleza jambo zima. Hakusimama, hakuniangalia, aliendelea kupepeta. Nilipomaliza akasema kwetu mtu haliliwi akiwa hai, ni kumwita kifo. Nikamwambia najua. Akapepeta tena. Akasema, "Wakija majirani nitasemaje?" Nikamwambia aseme ulifia njiani, ukazikwa kwa watu wa upande wangu. Kisha akauliza kama goti litapona. Nikasema daktari alisema linaweza kupona. Akasema, "Basi nitalia." Nikamwacha pale na ungo wake.

Niliporudi nilimwambia kapteni nimekuacha kwa ndugu zangu huko kaskazini, una homa kali. Na leo mchana, baada ya mazoezi, nilikwenda pale wanapopokea matangazo ya vifo ya redio. Kulikuwa na mstari. Siku hizi daima kuna mstari. Mbele yangu mama mmoja hakujua aandike mumewe amefariki au amepotea, karani akamwambia redio haisomi waliopotea. Akaondoka bila kuandika. Ikafika zamu yangu. Nikataja jina lako lote, nikataja langu, la mama yako, kijiji chetu. Sauti yangu ilikuwa sawasawa, kama ninataja vyombo vya bendi. Karani akauliza, "Amekufa kwa nini?" Jambo hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema, "Goti."

Akaacha kuandika. Akaniangalia, si kwa ubaya. Akasema, "Sajini, mtu hafi kwa goti." Akasubiri. Akaandika homa mwenyewe, akasema pole mzee, akamwita anayefuata.

Kwa hiyo hakutakuwa na Jumamosi. Kapteni ataniambia pole na atatafuta mtoto mwingine wa kuweka chini, na hilo nalo litakuwa juu yangu, ninalijua. Huwezi kuniandikia. Huwezi kuandika kwa jina lako popote ambapo mtu wa huku atalisoma. Bi Mwanaisha akirudi ataniambia kwa mdomo kama goti limefunguliwa na kama unaweza kulikunja, na hiyo itanitosha. Na ukisikia baadaye kwamba na mimi nimesomwa redioni, uwe na hakika au usiwe na hakika, usipande basi kuja. Hutanikuta. Wao hawawapi watu maiti za kuzika. Kaa huko na mguu wako.

Tangazo lako watalisoma kesho jioni, siku hiyo hiyo mtakayovuka, baada ya taarifa ya habari, na wenyeji wako redio wanayo, na Kampala hunaswa vizuri kule. Utasikia jina lako, na kwamba habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Usipige kelele mbele ya watu. Mimi nitakuwa hapa nasikiliza, na majirani watakuja, hata koplo nadhani atakuja, na labda ndipo nitakapolia, na hawatajua kwamba ninalia kwa sababu uko hai na sitakuona. Wewe sikiliza hadi mwisho, kisha ufunge redio, uombe mto uweke chini ya mguu, ulale.

Baba yako